Asubuhi Kumi na Nne Bila Kugusa

Nyumbani kwetu Dilala, mtaa mmoja wa mji wa migodi wa Kolwezi, hakuna anayeamini kwamba nina kazi. Wanajua kuna kitu ninachofanya mle chumbani, kwa sababu mlango hufungwa na kisanduku cha sola hulia betri zikikaribia kwisha, lakini kwa watu wa Kolwezi kazi ni kitu cha kwendea. Unavaa buti na kofia, unapanda pikipiki, unarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Mimi narudi kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo mgeni akibisha, wa kumfungulia ni mimi. Jirani akitaka kuacha ufunguo, anauacha kwangu. Fundi wa bomba akija siku tatu baada ya ile aliyoahidi, wa kugombana naye ni mimi. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Lubumbashi na familia yake, kila akipiga simu lazima aseme lile lile: "Weye unakaa tu ku nyumba, mudogo." Zamani nilikuwa nambishia. Siku hizi naweka simu mezani na kuendelea kuandika, namwacha aongee na meza.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja, kisha basi. Ninasawazisha kompyuta ya kwanta. Mashine iko pwani ya magharibi ya Amerika, ndani ya friji refu kuliko mtu, lenye baridi ambayo hata mimi ninayeandika namba zake kila siku siwezi kuiwaza. Humo ndani kuna vitu vidogo sana tunavyoviita kyubiti, ishirini na kitu, na kila kimoja kina mlio wake kinaouitikia, kama stesheni ya redio na namba yake. Shida ni kwamba mlio huo hautulii. Unahama kidogo kidogo, na asubuhi ukikiita pale ulipokiacha jana, hakiitiki. Basi mimi huviita kimoja kimoja, nikatafuta kila kimoja kimehamia wapi, nikaandika namba mpya, nikaenda kwa kinachofuata. Nikimaliza cha mwisho, cha kwanza kimeshaanza kuhama. Ni kama kufagia ua wetu wakati wa kiangazi huku malori ya shaba yakipita barabarani.

Walinipa kazi hii kwa sababu naiweza, hilo nasema bila haya. Nilisoma kompyuta Lubumbashi, nikaenda kuongeza masomo Afrika Kusini, na huko ndiko nilikoianza. Lakini walinishikilia kwa sababu nyingine: asubuhi yetu ni usiku wao. Wao wakilala mimi naiandaa mashine, wakiamka wanaikuta tayari. Mkuu wangu, mtu mpole ambaye sijawahi kumwona ila kwenye skrini, kuanzia kifuani kwenda juu, aliwahi kuniambia kwa furaha kabisa kwamba nina thamani kubwa kwa sababu ya mahali nilipo. Alidhani ananisifu. Mimi nilienda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Baba alipopata kiharusi nilirudi Kolwezi kwa mwezi mmoja, nimsaidie mpaka akae sawa. Sasa ni mwaka wa nne.

Baba, tata kama tunavyomwita, alikuwa mashinisti, dereva wa treni ya madini, mtu aliyezoea kusogeza vitu vizito kwa kuvuta mkono mmoja tu wa chuma. Mama alishatutoka. Kiharusi kilichukua upande wote wa kuume wa baba. Anaongea vizuri, polepole, na akili yake iko palepale, ila hawezi kujigeuza kitandani. Ule upande wa kuume haumpi habari zote: ukiuchoma kwa kucha anasikia kitu kwa mbali, hana hakika ni nini. Wa kushoto unasikia kila kitu. Nesi alituambia siku ya kwanza kwamba adui yetu si kiharusi tena, ni godoro. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, anawishwe mgongo kila jioni, apakwe mafuta, na mtu aitazame ngozi yake kwa macho, siyo kuuliza tu.

Mtu huyo alikuwa mimi. Kipimo kimoja cha kyubiti huchukua dakika kadhaa. Nakianzisha, nakimbia kumgeuza baba, narudi kusoma jibu. Ilifika mahali nilijua muda wa kila kipimo kwa kazi za baba: hiki ni cha kumgeuza, hiki ni cha chai, hiki kirefu ni cha kubadili shuka. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama tangi la maji na ukuta. Mchana mgodi ukilipuliwa kioo hutetemeka, kisha kila kitu kinarudi vilevile. Kuna saa nilimpenda baba, na kuna saa nilimchukia, nyingine siku hiyohiyo. Nilichukia uzito wa mguu wake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na tangu nirudi sikuwa nimelala nje ya nyumba ile hata mara moja.

Basi siku moja mkuu wangu akaniambia kwamba mwenzetu mmoja wa maabara anaondoka, na nafasi yake ni ya mtu wa kukaa na mashine yenyewe, kuigusa kwa mikono. Akaniuliza kama nitaitaka. Nilimjibu kabla hajamaliza sentensi. Akasema kuna sharti moja. Nikienda kule, nitalala wanapolala wao, na asubuhi za mashine zitabaki bila mtu. Kwa hiyo kwanza niandike programu ya kufanya kazi yangu ya asubuhi peke yake, nayo ifanye asubuhi kumi na nne mfululizo, mkono wa mtu usiiguse. Ikiguswa hata mara moja, hesabu inaanza upya, na nafasi haitangoja zaidi ya mwezi huo.

Kuandika programu ilikuwa furaha. Niliiandika kama mtu anayekata dirisha ukutani. Kumwambia kaka ndiko kulikonitia jasho, kwa sababu kama ningeondoka, baba angebaki na nani? Dada yetu ana meza yake sokoni Fungurume na watoto wadogo, kaka ana Lubumbashi yake. Nilitegemea ugomvi. Kaka akasema maneno ya mtu mzima.

"Tutafute mama moja wa kukaa na tata. Lakini tumujaribu kwanza. Wiki mbili. Na weye hapana kumugusa tata, unasikia? Unamusalimia, unamuongelesha, basi. Juu ukimugusa-gusa, tutajua namna gani kama ule mama anamuweza?"

Nilicheka, yeye hakujua kwa nini. Watu wawili wasiojuana, mmoja Amerika na mmoja Lubumbashi, walikuwa wamenipa sharti moja kwa majuma mawili yaleyale.

Tulimpata mama mmoja mjane wa mtaa wa Kasulo. Kule watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na chini ya nyumba yake walichimba majirani, mpaka ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Siku ya kwanza alipoingia kwetu alisimama katikati ya sebule akapigapiga sakafu kwa kisigino, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimpenda hapohapo. Alikuwa msafi, mcheshi, na bukari yake, ugali wa kwetu, ilikuwa laini kuliko yangu, jambo ambalo baba alilitangaza kwa sauti kubwa ili nisikie chumbani. Nilimwonyesha kila kitu: saa za kugeuza, sabuni, mafuta, mahali pa kutazama. Alitazama chini nilipofika kwenye mgongo na nyonga. "Tata eko mutu mukubwa," alisema taratibu. Nilidhani ni heshima tu, kwamba itampita.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza niliamka, nikaketi mezani, nikaiwasha programu, nikaweka mikono mapajani. Sijui kama naweza kueleza mateso ya kutazama kazi yako ikifanywa na kitu usichoruhusiwa kukisahihisha. Programu ilikuwa inaita kyubiti kimojakimoja kwa mpangilio wangu, kwa tabia zangu, ila bila wasiwasi wangu. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia yule mama akimwimbia baba wimbo wa kanisani huku akipanga vyombo. Vidole viliniwasha. Saa mbili zikipita mwili wangu wenyewe ulikuwa unasimama kwenda kumgeuza, nami naurudisha kwenye kiti.

Kila siku mchana, kazi ikiisha, yule mama alikuwa anakwenda sokoni. Ndiyo saa yangu ya kukaa na baba. Nilikaa kwenye kiti, yeye kitandani ameegemea mito kwa upande wa kuume, shuka imefika kifuani.

"Tata, mama anakunawisha muzuri?"

"Muzuri sana."

"Anakugeuza?"

"Anageuza. Weye unaniuliza kama polisi." Kisha anabadili mazungumzo: "Na ile mashini yako? Leo inakuwa siku ya ngapi?"

Alikuwa anahesabu siku kuliko mimi. Siku ya tano, siku ya sita. Alitaka kujua friji lile linafungukaje, kule kuna treni za namna gani, nitakula nini. Sikuwahi kumwona amechangamka vile tangu augue. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya: alikuwa ameanza kupenda ile dawa ya kupaka kifuani yenye harufu kali ya kafuri. Alimtuma yule mama amnunulie makopo mawili. Alisema ana mafua. Chumba kizima kilinukia kafuri, na mimi nikafungua dirisha, nikaenda zangu.

Siku ya kumi na moja kyubiti namba tisa kilitoa jibu ambalo sikulipenda.

Hapa lazima nieleze kosa moja ambalo watu wa kazi yangu hulifanya wote, mara moja, mwanzoni. Ukiita kyubiti kwa sauti ya kadiri, kinakuitikia mahali pamoja. Ukikiita kwa nguvu mno, pembeni ya jibu la kweli linatokea jibu la pili. La kweli linavimba na kutanuka mpaka linaonekana kama kosa. La uongo linasimama wima, jembamba, safi, linapendeza. Mgeni hulichukua lile zuri. Mzoefu hupunguza sauti, na lile zuri linatoweka, linabaki la kweli. Mkono wangu ulijua hivyo zamani, ila sikuwa nimefikiria kuiambia programu, kwa sababu mtu hakumbuki kueleza kile ambacho mkono unakifanya wenyewe. Mafundi wa maabara walikuwa wamebadilisha kifaa kimoja kwenye nyaya jioni yao, sauti ikawa inafika mle ndani na nguvu nyingi. Programu ikaona jibu jembamba, safi, ikaandika namba ya uongo kwa uhakika wote, ikaenda kwa namba kumi.

Nilikuwa na saa chache kabla hawajaamka. Kukiri kulikuwa rahisi: ningeandika mstari mmoja, hesabu ingeanza upya, na mwezi ungeisha kabla ya hesabu. Nilisikia yule mama akisukuma ndoo koridoni. Nilitazama tangi la maji na ukuta. Halafu nikafungua faili la mipangilio, nikapunguza namba moja, nikairudisha programu kwenye kyubiti cha tisa, ikapata jibu la kweli. Kisha nikaingia kwenye daftari la mashine, lile linaloandika kila anayeigusa, nikafuta mstari wangu. Haikuchukua dakika mbili. Nilifanya kama kazi ya kila siku, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Siku tatu zilizobaki zilipita salama. Mkuu wangu aliandika kwamba anafurahi, kwamba barua ya kuniombea viza itatoka wiki hiyo. Niliisoma nimesimama. Nikaenda kwa mpiga picha karibu na soko kupigwa picha za pasipoti, na nyuma ya pikipiki upepo wa vumbi jekundu ulinipiga mdomoni nikiwa nacheka peke yangu. Baba nilipomwambia, alifumba macho akasema, "Asante Mungu." Kaka akapiga simu, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba nakaa tu nyumbani.

Jumapili iliyofuata yule mama alikwenda kanisani. Majaribio yalikuwa yamekwisha, nilikuwa huru kugusa, na nilitaka kumfanyia baba jambo zuri kwa mikono yangu kabla ya safari. Niliingia na shuka safi begani.

"Uache," baba akasema. "Mama akirudi atafanya."

"Ni kidogo tu, tata."

"Nimesema uache."

Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya mashinisti, na ndiyo iliyonishtua. Nikavuta shuka. Chini ya ile harufu ya kafuri kulikuwa na harufu nyingine, na mimi harufu hiyo naijua, nesi alinifundisha kuiogopa. Nilimgeuza. Juu ya nyonga ya kuume ngozi ilikuwa imefunguka kwa upana wa kiganja changu, kingo nyeusi, katikati bichi. Fulana ilikuwa imeshikamana nayo. Nilikaa sakafuni.

"Mama alikuwa anafanya nini?" nilisema. "Kila siku alikuwa anafanya nini humu?"

"Usimugombeze. Mi njo nilimudanganya."

Alinieleza akiwa ametazama ukutani, kwa sababu nilikuwa nimemgeuzia huko. Siku ya kwanza yule mama alipofika na beseni, baba alisikia haya. Yule mama pia alisikia haya. Wote wawili walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Baba akampa njia hiyo. Alimwambia kwamba mgongo na nyonga nitamnawisha mimi mchana, yeye akienda sokoni, na kwamba namgeuza mimi mwenyewe kila nikitoka chumbani, ndivyo nilivyozoea. Mimi akaniambia kwamba anageuzwa na yule mama. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye anayefanya. Uso, kifua na tumbo alijinawisha kwa mkono wa kushoto, akabaki amelalia palepale, upande wa kuume, majuma mawili.

"Tata, juu ya nini haukuniambia? Ningekugeuza. Nani angejua?"

"Ungeniona, haungeenda."

"Haikuuma?"

"Mwanzo hapana. Kisha iliuma. Nilikuwa nahesabia siku zako."

Yule mama aliporudi na kitambaa chake cha kanisa kichwani, nilimwita aone. Aliweka mkono mdomoni. "Alisema weye njo unamunawishaka," alisema, kisha akakaa kwenye kizingiti akalia, na mimi nikalia pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimetafuta mtu wa kumkasirikia na sikumpata. Nesi alikuja jioni ile. Alisafisha kidonda, akakifunga, akasema kitapona kikipata miezi na mtu wa kukitazama kila siku kwa macho. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mimi ndiye yule aliyefundishwa.

Siku mbili nilizunguka na picha zangu za pasipoti mfukoni. Kwenda sikuweza. Kusema sitakwenda kwa sababu ya baba nako sikuweza, kwa sababu alikuwa ameilalia nyonga yake majuma mawili ili niende. Ningemwambia kwamba ameoza bure, na kwamba kilichonizuia ni kidonda hichohicho alichokificha. Nililigeuza jambo hilo kila upande. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, wa kukiri, nao niliuziba mwenyewe siku ya kumi na moja.

Nikamwandikia mkuu wangu. Nilisema programu ilikosea kyubiti cha tisa, kwamba niliigusa kwa mkono, kwamba nilifuta mstari kwenye daftari. Yote yalikuwa kweli. Mtu akisoma barua ile angesema huyu ni mwaminifu aliyesumbuliwa na dhamiri, na dhamiri ilinisumbua ndiyo, lakini sikuandika kwa ajili yake. Niliandika ili wanikatae wao. Jibu lilikuja kesho yake, la upole uliopoa. Alinishukuru kwa kusema. Nafasi itakwenda kwa mtu mwingine. Kwa sasa niendelee na asubuhi zangu kwa mkono kama zamani, na daftari la mashine sitakuwa na ruhusa ya kulifungua tena.

Baba nilimwambia kwamba mashine ilikosea, nafasi imekwenda. Aliitukana mashine ile matusi ya karakana ya treni ambayo sikujua kama anayajua. Kisha akataka nimweleze ilikosea namna gani, nikamchorea nyuma ya bahasha: hili jibu la kweli, nene; hili la uongo, jembamba. Akaweka kidole kwenye lile jembamba.

"Ile ya uongo njo inapendeza," alisema.

"Njo vile, tata."

"Basi umufundishe. Mwalimu wake eko weye."

Kaka, nilipomwambia kwamba kumgeuza na kumnawisha baba nitarudi kufanya mimi, alisema najifunga kamba mwenyewe. Yule mama tulimbakiza. Anapika, anafua, anacheka na baba, na mgongo ni wangu. Asubuhi nakianzisha kipimo, namgeuza baba, narudi kusoma jibu. Kila siku nafungua bandeji, natazama kwa macho.

Na programu nimeirekebisha. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja: ikipata jibu, ipunguze sauti, iangalie kama jibu linabaki. Naiwasha kila asubuhi pembeni, bila kumwambia mtu, nalinganisha namba zake na zangu, na kwa muda mrefu sasa haijakosea hata mara moja. Mkuu wangu hajui. Kule watu huingia na kutoka. Nafasi nyingine itafunguka. Nikitaka kwenda, ni barua moja tu. Mlango siku hizi naushikilia mimi mwenyewe kwa ndani, na nimechoka kuushikilia, na siuachii.

Wiki iliyopita kidonda kilifunga. Ngozi mpya ni nyororo, ina rangi ya ulimi. Nilikuwa nampaka mafuta pembeni mwake, taratibu, baba amelalia ubavu, akauliza bila kugeuka.

"Ile mashini, umesha kuitengeneza?"

"Bado, tata."

"Siku mutajaribu tena, uniambie mbele."

"Juu ya nini?"

"Juu nijipange." Akateremsha mkono wake mzima akapiga nyonga ya kushoto aliyokuwa ameilalia, ile inayosikia kila kitu. "Ile mara nililalia kuume. Sasa nitalalia huku. Huku bado kuko muzima."

Nilimwambia sawa. Nikamaliza kumpaka mafuta, nikamshusha fulana, nikarudi chumbani.